Mwanafunzi Mpya wa Chuo Kikuu na Mutalaa

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, miongoni mwa mambo aliyowalaumia watu wa pwani ni kubaki nyuma katika elimu. Leo lawama hiyo imepungua. Chuo cha MIOME kilichofungua milango yake mwaka 1951 kimekuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa tangu 2013, Kilifi nako kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na wengine katika watoto wenu hupangiwa mbali, hata huku kwetu, Maseno, kiasi cha maili 15 kutoka mji wa Kisumu. Lakini kuingia ni jambo moja, na kudumu ni jambo jengine.

Sisi tulio hapa Dunga, ukingoni mwa ziwa, huwaona vijana hao. Huja na furaha, na kabla muhula haujesha wengine wamekwisha kukata tamaa, wadhani akili zao hazitoshi. Si kweli. Katika sekondari mwalimu alisoma, mwanafunzi akaandika, na mtihani ukawa ni kurejesha kilichoandikwa. Chuo kikuu mwalimu husema saa mbili au tatu kwa wiki katika somo moja, hutaja vitabu, kisha huenda zake. Wala hapana amwulizaye kijana kama amesoma au amelala. Na hesabu ya alama haimngojei. Katika vyuo vingi vya serikali kazi na mitihani midogo ya katikati ya muhula huwa kiasi cha 30 katika 100, basi aliyezipoteza wiki za mwanzo huuendea mtihani mkuu naye amekwisha pungukiwa.

La ajabu ni kuwa usomaji huu si mgeni kwetu. Mwanafunzi wa darsa zetu, awe katika Safinatu-Najaa au katika Ajurrumiyya, hutaali mlango wake usiku kabla ya kumkabili sheikh. Sheikh akifasiri, huandika pambizoni yaliyomtatiza. Na baada ya darsa hukaa na wenzake wawili watatu wakadurusu, huyu akimsomesha huyu. Basi na afanye vivyo hivyo huko. Asome kabla ya mhadhara, japo kurasa chache, na asilale siku hiyo ila amerejea alichosikia. Kijana aliyelelewa hivi, kisha akaingoja karatasi ya mwalimu ili aihifadhi, ameacha mali yake nyumbani.

Liko jambo moja ambalo malezi yetu huwadhuru, nalo ni kunyamaza. Mtoto wa pwani hufunzwa kutomkatiza mkubwa, na hiyo ni adabu njema. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili mbele yake hajui kuwa huyu amenyamaza kwa heshima; humdhani ameelewa, au hana haja. Na hasa mabinti zetu. Waambieni waziwazi, tena kabla hawajasafiri, kwamba kuuliza kwa upole si utovu wa adabu, na kwamba kumfuata mwalimu ofisini katika saa alizoziweka ni haki yao.

Mvuvi wa Lamu akija Dunga hana haja ya kufunzwa kupiga makasia. Lakini ziwa halina maji kujaa na kupwa kama bahari, na upepo waweza kulikusanya gugumaji usiku mmoja likaziba njia aliyopita jana. Akiwauliza wenyeji siku ya kwanza, atavua. Akiona haya, atakaa pwani na nyavu zake nzuri.

Ama fedha, msimpe kijana za muhula mzima kwa mkupuo mmoja, wala msimtume mikono mitupu kwa kutegemea mkopo wa serikali, kwani huenda ukachelewa. (Mkopo huo una ziada ya 4 katika 100 kwa mwaka, na habari ya ziada hiyo yataka darsa yake peke yake.)

Na mnapompigia simu Ijumaa, mkisha kumwuliza habari za swala na chakula, mwulizeni na haya: wiki hii umetaali kitabu gani, na umedurusu na nani? Akikosa jina la kitabu na jina la mwenzake, msimkaripie. Mwambieni atafute mwenzi mmoja kabla ya Jumatatu.