Dawa Inapogeuka Kijiwe

Kama umewahi kuchinja kuku mkesha wa sikukuu, unalijua onyo la nyanya: usipasue nyongo! Kile kifuko cha kijani kilichojibanza kwenye ini kikipasuka, kitoweo chote ni uchungu mtupu. Nasi binadamu tunacho, upande wa kulia chini ya mbavu. Kusema kweli, mimi sikukijali hata kidogo hadi likizo ya Agosti, mdogo wangu alipolazwa kwa homa ya uti wa mgongo.

Alidungwa sindano za seftriaksoni kila siku. Siku ya nne alifumbua macho akauliza nani kachukua baiskeli yake. Lo, tulivyoshangilia! Lakini siku ya nane akaanza kujishika ubavu wa kulia na kutapika. Picha ya altrasaundi ikaonyesha vijiwe ndani ya kifuko cha nyongo. Vijiwe, mtoto wa miaka tisa! Mjomba akasema sindano zikome siku ile ile na mtoto apasuliwe. Jirani akalaumu maji ya kisima. Daktari wa watoto aliwasikiliza wote, kisha akachukua karatasi akatuchorea.

Ini hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita nzima kwa siku. Kifuko chenyewe ni kidogo, hakijazi hata kikombe cha chai. Hubeba mililita 50 hivi. Kwa hiyo hunyonya maji na kuiacha nyongo ikiwa nzito. Tukila chakula chenye mafuta, kifuko hujikamua na kuimwaga kwenye utumbo mwembamba. Sasa kumbuka somo la Kemia: ukizidisha chumvi katika maji machache, nyingine hukataa kuyeyuka, ikatuama chini ya chupa.

Dawa nazo lazima zitoke mwilini. Nyingine hutoka kwa mkojo, nyingine kwa nyongo, na seftriaksoni hutumia njia zote mbili. Ikifika kwenye kifuko hukutana na kalsiamu, vikashikana na kuwa chenga. Mgonjwa ambaye hali chakula ndiye hasa yuko hatarini, maana kifuko chake hakijikamui. Na mdogo wangu kwa siku kadhaa hakuonja hata uji.

Madaktari wameijua hali hii tangu miaka ya 1980. Dawa ikikoma, chenga hizo kwa kawaida huyeyuka zenyewe bila kisu. Ila kukoma kwenyewe si kama alivyotaka mjomba, kwani homa ile huua. Daktari alimbadilishia dawa ili amalize siku zilizobaki.

Nilipoendelea kuulizauliza, nikajua kwamba seftriaksoni haiko peke yake. Homoni ya estrojeni, iliyomo katika baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi na katika dawa wanazopewa akina mama waliokoma hedhi, huongeza kolesteroli ndani ya nyongo. (Mhariri asiifute sehemu hii, ni Bayolojia!) Si kwamba kila anayemeza atapata mawe, la; wengi hawapati. Iliyonishangaza zaidi ni klofibreti. Ilitolewa ili kupunguza kolesteroli katika damu na kulinda moyo, lakini utafiti wa miaka ya 1970 ukaonyesha kwamba waliomeza walipata mawe ya nyongo kuliko wenzao. Kolesteroli ilikuwa inasukumwa kutoka kwenye damu kuingia kwenye nyongo. Ni kama kumfukuza panya jikoni akahamia ghalani. Madaktari walikwisha kuiweka kando dawa hiyo.

Mawe ya kolesteroli ni sugu, hayatoweki tu kwa kuacha dawa. Yanaweza kukaa kimya miaka mingi, ila moja likiziba mrija, bwana wee! Maumivu ya ubavu yasiyotulia, homa, macho ya manjano: huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, akiwa na pakiti za dawa zote anazotumia mkononi.

Wiki sita baadaye altrasaundi ilirudiwa. Kifuko kilionekana cheusi tii, bila chenga hata moja. Mama alilia kwa furaha. Mdogo wangu alinuna njia nzima hadi nyumbani, kwani alikuwa amewaahidi wenzake shuleni kwamba atawaletea jiwe.