Futari: Siku Moja ya Wawili Kula na Kutembea Osaka

Mtu aliyekulia karibu na chuma cha vitumbua hapotei Osaka. Katika mitaa ya mji huo wa Japani utakuta chuma kizito chenye vishimo vya duara, mpishi akimwaga rojo la unga mpaka linafurika, kisha anashika sindano ndefu na kugeuza tonge moja baada ya jingine, mkono ukienda mbio kuliko jicho. Hizo ni takoyaki. Tako ni pweza, yaki ni kitu kilichopikwa motoni. Badala ya nazi na iliki, ndani mna kipande cha pweza, na huenda pweza huyo ametoka Afrika kama wewe: Japani hununua pweza wengi kutoka Mauritania na Moroko.

Makala haya ni ya wawili, mke na mume au wachumba, wenye siku moja tu mjini humo, pengine wakiwa njiani kuelekea Kyoto au Tokyo. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: kwenye vibanda, agizeni sahani moja mgawane. Osaka ni mji wa kuonja. Zama za Edo mchele wa mikoa mingi ulirundikwa kwenye maghala yake, mji ukaitwa jiko la nchi, na hadi leo watu wana neno kuidaore, yaani kula mpaka ufilisike. Anayemaliza sahani nzima peke yake saa nne asubuhi, saa nane mchana atabaki mtazamaji.

Neno la kwanza la Kijapani mnalo tayari, ila kwa maana nyingine. Mlangoni mwa mkahawa mtaulizwa mko wangapi. Jibuni: futari. Kwa Kijapani maana yake ni watu wawili, kwa hiyo msitegemee kuletewa magimbi na tambi za nazi, mtaonyeshwa meza. Sumimasen ni ya kumwita mhudumu. Kore o hitotsu, huku kidole kikielekea kwenye picha, ni "nipe hii moja". Mkitaka kumchekesha muuza chakula, shukuruni kwa lahaja ya kwao: ookini. Na tahadhari ndogo: Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama somo kuu la shahada, basi msije mkamsengenya mtu kwenye treni mkidhani mko salama.

Mambo ya maandalizi niyapitie upesi. Watanzania, Wakenya na Waganda wanahitaji viza, nayo huombwa ubalozini mapema kabla ya safari. Pasipoti mtembee nayo. Sheria inamtaka mgeni awe nayo mwilini. Plagi za huko ni za pini mbili bapa, zetu za pini tatu haziingii, kwa hiyo nunueni adapta. Bebeni noti na sarafu, kwani si vibanda vidogo vyote vinavyopokea kadi. Pesa huwekwa kwenye kisahani kilicho kaunta, si mkononi mwa muuzaji, na bakshishi haipo: mkiacha chenji mezani, mhudumu anaweza kuwakimbilia barabarani kuirudisha. Vaeni soksi zisizo na matundu. Mikahawa mingine huvuliwa viatu, na hapo kidole gumba kinachochungulia huwaaibisha wote wawili.

Kwa usafiri, tikiti ya siku nzima ya treni za chini ya ardhi, iitwayo Enjoy Eco Card, ni yen 820 siku za kazi, na yen 620 Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mkipanda mara nne au tano imeshajilipa. Kwenye ngazi za umeme simameni upande wa kulia, wenye haraka wapite kushoto. Tokyo ni kinyume chake, na hakuna aliyewahi kunipa sababu iliyoniridhisha.

Saa tatu asubuhi, ambayo kwenye ubao imeandikwa 9:00, muwe Ngome ya Osaka. Kituo ni Tanimachi 4-chome. Mbabe wa vita Toyotomi Hideyoshi alianza kuijenga mwaka 1583. Ukoo hasimu wa Tokugawa ukaiangusha vitani 1615, ukaijenga upya, radi ikauteketeza mnara 1665, na huu mnaouona ni wa zege, uliosimamishwa 1931 kwa michango ya wakazi wa mji. Ndani ni makumbusho yenye lifti. Kiingilio cha mtu mzima ni yen 1,200 tangu Aprili 2025, na wanaotarajia mbao za kale huteremka wamenuna. Mimi ningebaki nje, ambako bustani ni bure, nikatazame mawe. Karibu na lango la Sakuramon kuna jiwe moja lenye uso wa takriban meta 60 za mraba, na uzito wake unakadiriwa kupita tani 100. Lilivushwa kwa bahari kutoka upande wa Okayama, wakati ambao hakukuwa na winchi za injini. Jina lake Tako-ishi, jiwe pweza, kwa sababu ya doa lililo pembeni linalofanana na pweza. Mji huu umemng'ang'ania mnyama huyo.

Njaa ikianza kuuma, rudini kwenye treni hadi Tanimachi 9-chome, mbadilishe kwenda njia ya Sennichimae, kituo kimoja tu hadi Nippombashi. Hapo mko hatua chache kutoka soko la Kuromon, mtaa ulioezekwa wenye urefu wa kama meta 580 na maduka yapatayo 150. Kwa miaka mingi wapishi wa mji walinunua samaki hapa. Sasa wageni wamemiminika na bei zimewafuata. Someni bei kabla ya kunyoosha kidole. Kinachofaa kugawana ni chaza wakubwa waliochomwa ndani ya kombe lao, au kipande cha mkunga juu ya makaa. Mtamwona pia bunju, yule samaki ambaye wavuvi wetu humtupa kwa sababu ya sumu yake. Osaka wanampenda mno, ila sheria inataka aandaliwe na mtu mwenye leseni. Kuleni palepale mbele ya duka mliponunua. Kutembea huku mnatafuna hakupendezi, na mapipa ya taka ni adimu, hivyo vijiti na karatasi mrudishieni muuzaji, au mbebe mfuko wenu.

Kutoka Nippombashi, njia ya Sakaisuji ina kituo kimoja hadi Ebisucho, na hapo ndipo Shinsekai, maana yake "dunia mpya". Upya wake ni wa 1912, mwaka uliojengwa mnara wa kwanza wa Tsutenkaku, ambao juu uliiga mnara wa Eiffel na chini tao la ushindi la Paris. Moto uliuharibu 1943, chuma chake kikachukuliwa kwa ajili ya vita. Wa sasa ni wa 1956. Mtaa wenyewe umechakaa kwa namna ya kupendeza: taa za rangi, wazee wakicheza shogi, sataranji ya Kijapani, na kila mahali sanamu ya Billiken, kijitu chenye kichwa kilichochongoka ambacho watu hukisugua nyayo kutafuta bahati. Mwenye imani yake apite tu.

Chakula cha hapa ni kushikatsu. Ioneni kama mishikaki iliyovingirishwa kwenye chenga za mkate kisha ikazamishwa kwenye mafuta: nyama, kamba, mzizi wa yungiyungi, mayai ya kware. Kilikuwa chakula cha vibarua na bado kila kijiti huuzwa peke yake, kwa hiyo wawili mnaweza kuagiza vijiti sita tofauti na kuvigawa. Sheria moja haina msamaha. Kwenye duka lenye bakuli la mchuzi la pamoja, kijiti huchovywa mara moja tu, kabla ya kung'atwa. Mchuzi ukipungua, chukueni jani la kabichi lililo mezani mteke nalo. Siku hizi maduka mengi yameweka mchuzi kwenye chupa, ila tangazo la kukataza kuchovya mara mbili bado limebandikwa ukutani kama katiba.

Kwa Waislamu, hapa ndipo pa kuwa macho kuliko popote. Mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe, na hata mkiagiza mboga tupu zimepita humohumo. Okonomiyaki, nitakayoieleza hivi punde, kwa kawaida huja na vipande vya nguruwe. Sosi nyingi zina mirin, mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia. Takoyaki haina nyama, lakini sosi yake na supu iliyochanganywa kwenye unga zinastahili swali. Nguruwe ni buta. Buta nashi de ni "bila nguruwe", ingawa maneno hayo hayasafishi chuma kilichotoka kupika nguruwe dakika iliyopita. Njia ya uhakika ni mikahawa yenye cheti cha halali, nayo ipo karibu na mtaa wa Namba, au samaki wa kuchomwa kwa chumvi pale Kuromon. Kwenye duka lolote dogo la saa 24 kuna onigiri, tonge la wali lililofungwa kwa mwani, na lile lenye mwani wa kombu ndani limewaokoa wasafiri wengi, ijapokuwa mwenye kuchunga sana atasoma lebo, kwa kuwa kombu hiyo huungwa kwa sosi. Kwa sala, uwanja wa ndege wa Kansai una vyumba maalumu, na msikiti upo wilaya ya Nishiyodogawa.

Magharibi ikiingia, elekeeni Dotonbori. Msiende mchana, ni kama kumtazama bibi harusi kabla hajapambwa. Mfereji wake ulianza kuchimbwa 1612 na mfanyabiashara aliyeitwa Doton, ambaye alikufa katika vita vilevile vilivyoiangusha ngome mliyoiona asubuhi. Nduguze wakaumaliza 1615 na jina lake likabaki majini. Kando yake sasa kuna mabango makubwa yanayowaka: kaa mkubwa anayecheza miguu, na yule mkimbiaji wa kampuni ya Glico aliyeinua mikono, bango lililowekwa mara ya kwanza 1935 na kubadilishwa mara kadhaa, la sasa likiwa la 2014. Kila mtu hupiga picha naye kwenye daraja la Ebisu. Ombeni mtu awapige nyinyi wawili, mrudishieni hisani, mwondoke, maana foleni haiishi. Wapiga debe watawavuta mikono kuwaingiza baa, piteni. Baa nyingi huwaletea kibakuli msichokiagiza, nacho hulipiwa kama ada ya kuketi. Na tangu Januari 2025 kuvuta sigara barabarani mji mzima ni marufuku, faini yen 1,000.

Hapa sasa ndipo takoyaki. Inasimuliwa kwamba aliyezianzisha ni Tomekichi Endo, muuza vitonge vyenye nyama, aliyeambiwa na mteja kuwa mji wa Akashi huweka pweza. Naye akajaribu, mwaka uleule wa 1935. Sahani ya sita au nane itawagharimu kiasi cha yen 500 hadi 800. Juu hupakwa sosi nzito na mayonezi, kisha unga wa mwani na maganda membamba ya samaki mkavu wa jamii ya jodari, ambayo hucheza kwa mvuke kana kwamba yako hai. Uzuri wake ndio hatari yake: nje gumu kidogo, ndani uji unaochemka. Msitie mdomoni zima. Toboeni kwa kijiti, subirini mvuke utoke, zungumzeni kwanza.

Okonomiyaki inataka kukaa. Aliyewahi kusimama Forodhani akitazama mtu akitengeneza pitsa ya Zanzibar ataielewa haraka: chuma bapa cha moto, kabichi nyingi iliyokatwa, yai, unga kidogo, na chochote unachopenda, maana okonomi ndiyo hiyo, "upendavyo". Osaka huchanganya vyote pamoja. Hiroshima huvipanga kwa tabaka, na msianze ubishi huo mezani. Mikahawa mingine inataka kila aliyeketi aagize angalau kitu kimoja, hivyo hapa kanuni yangu ya sahani moja muiweke kando, au mmoja aagize kinywaji.

Mwisho wa yote, ingieni uchochoro wa Hozenji, hatua chache kusini mwa kelele zile. Mawe ya chini yana maji, taa ni za karatasi, na kwenye hekalu dogo kuna sanamu ya Fudo, mlinzi wa imani ya Kibuddha, iliyofunikwa na vimea vya kijani mwili mzima, kwa kuwa waumini huimwagia maji. Pembeni yake kuna duka linaloitwa Meoto Zenzai, na meoto ni mke na mume. Huuza maharage mekundu yaliyochemshwa na sukari, yenye kitonge laini cha unga wa mchele ndani, na pembeni mwani wa chumvi wa kukata utamu. Mtu mmoja akiagiza, huletewa vibakuli viwili kwenye sinia moja, na husemwa kwamba wawili wakila pamoja watapatana. Sakunosuke Oda aliandika hadithi yenye jina hilohilo mwaka 1940, juu ya mke na mume wasiotulia, na duka likavuma zaidi.

Siku nzima mmekuwa mkigawa sahani moja. Hapa imegawanywa kabla haijafika mezani. Mlangoni mtaulizwa mko wangapi. Mkijibu futari, mara hii mtaletewa maharage ya sukari kweli.