Mtu Aliyejikata kwa Mawe: Kujidhuru Ni Nini?

Maandiko: Marko 5:1-20; 1 Wafalme 18:28 na 19:1-8

Jumapili iliyopita tulisoma habari za yule mtu wa makaburini, na baada ya ibada wazazi kadhaa walinifuata na swali moja: huko kujikata ni nini hasa? Ni kutaka kufa, ni pepo, ama ni vijana kutafuta kuonekana? Nimeombwa nijibu hapa. Wacha nianze na kosa langu.

Kulikuwa na msichana katika darasa langu la vijana ambaye havui sweta hata jua la Februari likiwaka. Siku moja mkono wa sweta ulipanda akifungua Biblia, nikaona alama. Badala ya kuketi naye pembeni, nilimwita mbele, tukamzunguka, tukakemea kwa sauti. Nilienda nyumbani nikiwa nimeridhika kabisa. Yeye hakurudi kanisani miezi minne. (Naandika haya kwa ruhusa yake.)

Sasa, kujidhuru ni mtu kuumiza mwili wake mwenyewe kwa makusudi: kujikata, kujichoma, kujigonga, kumeza dawa kupita kiasi. Wengi wanaofanya hivyo hawatafuti kufa. Wana uchungu ambao hawana maneno ya kuusema, na wanatafuta namna ya kuustahimili. Halafu aibu inafuata, na uchungu unarudi palepale. Lakini tusilale: anayejidhuru yuko katika hatari kubwa zaidi ya kujiua siku moja kuliko wenzake, kwa hivyo hata jeraha dogo tusilidharau. Na wale wanaosema "anataka tu kuonekana," nawauliza, mbona basi sweta wakati wa joto?

Swali gumu kwetu sisi watu wa maombi ni kufunga. Je, kufunga ni kujidhuru? Kufunga kuna mwanzo na mwisho, na mtu akidhoofika anakula, hana dhambi. Lakini anayejinyima chakula kwa sababu anajichukia, akisema hastahili kula, huyo anajidhuru hata kama anaita mfungo. Vivyo hivyo na dawa. Aliyeacha vidonge vya presha akidhani ameponywa amekosea, arudi kliniki. Aliyeviacha kwa sababu haoni faida ya kuishi, hilo ni jambo lingine, na linahitaji msaada leo. Tendo ni lile lile, uliza sababu. Ya Shakahola tunayajua sote: mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, mingi ikiwa ya watoto. Wale watoto hawakujidhuru. Walidhuriwa.

Na je, ni pepo? Marko anatuambia yule mtu alikuwa na pepo, sitabishana na Neno. Manabii wa Baali nao walijikata kwa visu, na hapo hatusomi pepo. Tunasoma watu waliodhani damu yao itamfanya mungu wao asikie. Mungu wetu hahitaji damu yako, ile ya Yesu imetosha! Sasa fungua ukurasa unaofuata. Elia, mtumishi aliyejaa Roho, amekaa chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakukemea kitu. Alimwacha alale, akamgusa, akampa mkate na maji, akarudi mara ya pili. Mimi nilikuwa nimehubiri sura ya 18 mara nyingi sana, na ya 19 nikaipita mbio.

Tena angalia, yule wa makaburini alikuwa akilia usiku na mchana. Mji mzima ulimsikia. Walichompelekea ni minyororo.

Kwa hivyo mzazi, ukiona alama, usipige kelele, usimchape, usimtangaze kwenye kikundi cha maombi. Safisha jeraha, likiwa kubwa, ama akiwa amemeza kitu, nendeni hospitali mara moja. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa za nyumba na za shamba zisiwe karibu, na umpeleke hospitali. Wengine huogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyofanya kujaribu kujiua kuwa kosa inakiuka Katiba. Simu za bure zipo: 1199 ya Msalaba Mwekundu, na 116 kwa watoto. Kuomba tuombe, tena sana, lakini kliniki tusimkataze.

Nilimwendea yule msichana kwao, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ni watu wangapi umewaambia?" Nilihesabu, nikamtajia. Siku hizi anaenda kliniki na mamake, na wiki zingine bado ni ngumu. Kanisani anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na sijamwambia asogee mbele.

Jumatano baada ya maombi nitakuwa kwenye chumba cha Sunday school. Anayetaka kuzungumza aje, kijana ama mzazi. Chai itakuwepo. Sitamwambia mtu yeyote akunje mkono wa sweta.