Prosesa ya Laptopu Katika Kompyuta ya Mezani

Laptopu ikivunjika kioo huonekana haina kazi tena. Lakini prosesa yake, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, huenda ni nzima. Je, yaweza kutiwa katika kompyuta ya mezani? Sisi wa darasa la juu tuliing'oa ya kwetu kwa furaha kabla ya kuuliza, tukaambulia pini zilizopinda na ubao usio na kazi. Basi nataka kuwaeleza tuliyojifunza, ili mwingine asipate hasara ile ile.

Kwanza, tazama miguu yake. Kila soketi ina mpango wake wa pini. Laptopu nyingi za Intel, hadi kizazi cha nne cha Core kilichotoka mwaka 2013, zilikuwa na prosesa yenye pini, iliyofungwa kwa skrubu moja. Hiyo hutoka kwa bisibisi tu. Tangu kizazi cha tano, karibu zote zimelehemiwa ubaoni, nazo hazitoki ila kwa hewa ya moto na mkono wa fundi hodari. Tena hata ile yenye pini haiingii katika ubao wa mezani wa Intel wa siku hizi, maana tangu mwaka 2004 Intel ilihamishia pini kwenye soketi.

Pili, tusiseme kwamba haiwezekani kamwe. AMD Athlon XP-M ya miaka ya 2003 na 2004 ilikaa katika Soketi A yenye matundu 462, sawasawa na ndugu yake wa mezani. Ile ya 2500+ ilitaka volti 1.45 na wati 45, hali ya mezani ya jina hilo hilo ilitaka volti 1.65 na wati 68. Kwa hiyo wajenzi wengi waliitafuta kwa bidii. Mwaka 2005 kampuni ya ASUS ilitoa kipande cha kati kilichoitwa CT-479, ili Pentium M ya laptopu ikae katika baadhi ya mbao zake za mezani. Lakini hata hapo ilikuwa lazima bayosi iitambue prosesa hiyo, na bati la kupozea lilazwe sawa, maana prosesa ya laptopu haina kifuniko cha chuma, na ukingo wake humeguka upesi.

Tatu, ikiwa miguu haipatani na soketi, usiing'oe. Uache ubao mzima wa laptopu pamoja na feni yake, kitufe cha kuwashia na chaja yake. Ondoa betri, hasa iliyovimba, wala usiitoboe. Funga ubao katika sanduku la mbao lenye matundu ya hewa, kisha unganisha kioo cha nje, kibodi na kipanya. Hiyo tayari ni kompyuta ya mezani, na prosesa haikuguswa. Ila jaribu kwanza kama yawaka bila betri, kwa kuwa baadhi hukataa.

Wenzangu, soma namba ya prosesa na jina la soketi kabla ya kushika bisibisi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi mwenye akili hulitazama koleo kwanza, asije akavunja na lile bua lililosalia.