Mwanya wa Krenki na Somo la Desimali

Makala haya yamekusudiwa wanachuo watakaofundisha Hisabati na Sayansi katika madarasa ya juu ya shule za msingi. Mada yake ni desimali za nafasi ya tatu, yaani sehemu za elfu. Aghalabu mwalimu akifika hapo hukosa mfano. Sehemu za kumi huzionyesha kwa rula, na sehemu za mia kwa senti katika shilingi. Lakini sehemu ya elfu ya milimita ni kitu gani? Mtoto anayetakiwa kuandika 0.055 huandika 0.55, mwalimu hutia alama ya kosa kwa wino mwekundu, na somo huendelea. Hakuna kilichoharibika. Napendekeza tumpeleke mtoto mahali ambapo kosa hilo huharibu kitu, napo ni gereji, mbele ya fundi anayeunda injini ya gari la mbio.

Mfano huu si mgeni kwetu. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953 na kupita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh wa Kenya, ambaye kabla ya kuwa dereva mashuhuri alikuwa fundi wa gereji, alishinda mbio hizo mwaka 1965, 1974 na 1976. Injini iliyostahimili vumbi, matope na milima kwa siku kadhaa ilipimwa kwanza kwa makini mezani.

Krenki ni chuma kizito kilichopindapinda, kinachopokea mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka na kuugeuza uwe mwendo wa kuzunguka. Kina sehemu za mviringo zilizosuguliwa hadi zikang'aa. Hapa nitaziita shingo. Kila shingo hukaa ndani ya beringi ya vipande viwili vya nusu duara, ambavyo hubanwa pamoja kwa kifuniko na bolti. Hata hivyo, shingo haikusudiwi kuigusa beringi. Baina yake hupita oili, na shingo huelea juu ya utando wa oili hiyo. Nafasi ya utando huo ndiyo mwanya tunaouzungumzia.

Mwanya ukiwa mdogo mno, oili haipiti ya kutosha, joto hupanda, na beringi huungua hadi krenki ikakwama. Ukiwa mkubwa mno, oili humwagika pembeni, shinikizo lake hupungua, na injini huanza kugonga. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba mwanya uwe kiasi cha sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo. Kwa shingo ya milimita 55, ni 55 × 0.001, yaani milimita 0.055. Katika injini ya mbio fundi huongeza kidogo, kwa kuwa krenki inayozunguka kwa kasi kubwa hupata moto na hata kujipinda kiasi. Lakini neno la mwisho ni la kitabu cha mtengenezaji wa injini, si la kanuni.

Kasi hiyo nayo ni hesabu nzuri ya darasani. Mzingo wa shingo hiyo, kwa kutumia 22/7, ni karibu milimita 173. Krenki ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, uso wa shingo hupita mbele ya beringi kwa mwendo wa karibu mita 20 kila sekunde. Waache wanafunzi wapate jibu hilo wenyewe, kisha uwaulize ni kitu gani kinachozuia vyuma hivyo visisagane. Watakaojibu kwamba ni utando mwembamba kama unywele watakuwa wameelewa jambo ambalo ubao peke yake haulifundishi.

Fundi hupima kwa njia mbili. Ya kwanza ni mikromita: hupima kipenyo cha shingo mahali kadhaa, kwa pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba, kwa kuwa shingo iliyochakaa huwa yai badala ya duara. Kisha hupima tundu la beringi, bolti zikiwa zimekazwa kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni, kwa maana kukaza hubadili umbo la tundu. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mwanya.

Njia ya pili ndiyo itufaayo zaidi. Fundi hupangusa shingo na beringi hadi zikauka oili, akalaza juu ya shingo kipande cha uzi laini wa plastiki kufuata urefu wa krenki, akarudisha kifuniko na kukaza bolti sawasawa. Katika muda wote huo krenki haizungushwi hata kidogo. Akifungua hukuta uzi umebanwa ukawa bapa, naye huulinganisha na mistari iliyochapwa kwenye karatasi ya uzi huo. Uzi ukiwa mpana mwanya ni mdogo, na ukiwa mwembamba mwanya ni mkubwa. Ukiwa mpana upande mmoja kuliko mwingine, shingo au tundu limechongoka.

Shule haina krenki wala uzi huo, wala haihitaji. Kanda unga wa ngano na maji kidogo, kila kikundi kiviringishe nyuzi za unene wa milimita 6. Weka uzi juu ya kibao, na kando yake vipande vya kadibodi vilivyopangwa hadi kimo cha milimita 4. Gandamiza kwa kibao cha pili hadi kiguse kadibodi, fungua, pima upana. Rudia kwa milimita 3, kisha 2. Hesabu itaonyesha upana wa karibu milimita 7, 9 na 14. Vipimo vya watoto havitakuwa hivyo barabara, kwa sababu unga hurefuka na kingo zake huvimba. Usiwasahihishe. Waulize kwa nini, kwani majadiliano hayo ndiyo Sayansi yenyewe. Wachore grafu, na ndipo uwaeleze kwamba fundi hufanya vivyo hivyo katika kipimo kidogo mara nyingi zaidi.

Ili waujue udogo wenyewe, wapange karatasi 200 za daftari, wazibane, wapime kimo kwa rula na kugawanya. Rundo la milimita 16 hutoa karatasi ya milimita 0.08, ambayo ni nene kuliko mwanya wa mfano wetu.

Wako walimu wanaosema kuwa mambo ya gereji si ya shule ya msingi, wala si ya wasichana. Sikubaliani nao. Kama kuna fundi karibu, mwaliko wa nusu saa unatosha, naye aje na krenki iliyoungua ili watoto waiguse makovu.

Kwa zoezi la mwisho waandikie hivi: shingo ina kipenyo cha milimita 54.945, na tundu la beringi milimita 54.985, kitabu kinataka mwanya usiopungua 0.050. Je, fundi afunge injini? Mtoto atakayeandika 0.040 peke yake apewe nusu ya alama. Nusu ya pili ni ya yule atakayeongeza, kwa sentensi yake mwenyewe, kwamba injini isifungwe, na kueleza kitakachoipata oili ikifungwa.