SOMO LA MOTERE: TRAKTERE YA ZAMANI INAKUNYWA NINI?

Ndugu wanafunzi, mukikosea bidoni moja tu, motere inaharibika na shamba linalala, na mvua imekwisha kufika. Basi, mbele ya kutia mafuta, angalieni motere.

1. Ikiwa na karbiratere na buji za kutoa cheche, haitembei na mazutu.

2. Ikiwa na pompe ya enjeksio, ni ya mazutu. Musitie esansi humo. Mazutu inalainisha vyuma vya pompe. Esansi ni kavu, itavikula.

3. Ikiwa na tanki mbili, kama Fordson ya mwaka 1917: ndogo ni ya esansi, ya kuwashia, kubwa ni ya petroli ya taa. Ngojeni motere ipate moto, ndipo mufungue petroli. Mukiharakisha, petroli haiungui yote. Inashuka katika oili, oili inakuwa maji-maji, vyuma vinasagana. Mbele ya kuzima, rudisheni esansi, kusudi kesho iwake.

Tena, andikeni jina juu ya kila bidoni. Pua ya mutu inadanganya.

Swali: Kwa nini motere ya petroli haiwashwi na petroli yenyewe?