Tujifunze Kusikiliza Moyo wa Ng'ombe



Mwezi huu somo letu liko zizini. Tuchukue mfano wa kikundi cha kina mama hapa Kanduyi. Wamechanga pesa kidogo kidogo mpaka wakanunua ng'ombe wa maziwa. Amezaa vizuri. Halafu siku moja maziwa yanapungua ghafla. Hali, hacheui, amekunja mgongo na kupanua viwiko. "Hiyo ni ndigana," mmoja anasema. Wanaenda duka la dawa, anadungwa sindano. Anapata nafuu siku mbili tatu, kisha hali inarudi pale pale. Baadaye kidari kinavimba, na ng'ombe anakufa. Anapopasuliwa, msumari unaonekana umechoma moyo.

Huu ni mfano tu, lakini ugonjwa wenyewe uko, na unaweza kuzuiwa.

Msumari hufikaje moyoni?

Ng'ombe hatafuni vizuri mara ya kwanza. Humeza tu, halafu hucheua baadaye. Kipande cha waya kilichomo kwenye nyasi humezwa pamoja nazo. Kwa kuwa ni kizito, huanguka katika tumbo lile lenye vyumba kama sega la asali. Tumbo hili hujikaza kila mara, na mbele yake, karibu sana, kuna moyo. Msumari hutoboa tumbo, ukasukumwa mbele. Mimba kubwa na uchungu wa kuzaa huzidisha msukumo huo.

Kupima mapigo nyumbani

1. Acha mnyama apumzike kivulini. Jua, woga na homa pia huongeza mapigo.
2. Mmoja ashike kichwa. Wewe simama kando, usisimame nyuma kabisa.
3. Inua mkia taratibu. Upande wa chini, katikati, karibu na shina la mkia, bonyeza kwa vidole viwili. Usitumie kidole gumba, kwa maana kina mpigo wake.
4. Hesabu kwa dakika moja nzima, uandike kwenye daftari.

Ng'ombe mzima aliyetulia hupiga kama mara 60 hadi 80 kwa dakika. Ndama hupiga 100 hadi 120, na mbuzi 70 hadi 90. Mbwa mpime ndani ya paja la nyuma: wengi hupiga kati ya 70 na 120, wale wadogo hupita hapo.

Mpime akiwa mzima, ili siku ya ugonjwa mjue kilichobadilika. Mapigo yakipita 100 naye ametulia, msingoje kesho.

Daktari hupima nini?

Daktari husikiliza moyo kwa stethoskopu, ile mipira ya masikioni. Maji au usaha ukizunguka moyo, sauti husikika kwa mbali, au kama maji yanayotikiswa kwenye mtungi. Huangalia mishipa ya shingo kama imevimba na kusimama kama kamba. Hufinya mgongo juu ya mabega: ng'ombe mzima huudidimiza mgongo, lakini mwenye maumivu hukataa, pengine akaguna. Hupima joto pia.

Tukiwahi, anaweza kumeza sumaku ya kushika chuma tumboni, pamoja na dawa, au apasuliwe chuma kitolewe. Maziwa ya siku za dawa yasinywewe wala kuuzwa mpaka daktari aruhusu. Lakini kidari na taya zikishavimba, ni wachache sana wanaopona. Ndiyo maana wiki ya kwanza ina thamani kuliko dawa zote za mwisho.

Nani wa kumwita?

Tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti. Ulizeni ofisi ya mifugo iliyo karibu nanyi. Mkimwita wa kujitegemea, hakikisheni ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, kama sheria ya 2011 inavyotaka. Aliye na sindano mfukoni si lazima awe daktari.

Kinga ni kufagia

Tukijenga au kuezeka mabati, tuokote misumari yote. Tusikate nyasi kando ya karakana za jua kali wala penye majalala. Tairi likichomwa, waya wake hubaki kwenye majivu: tuukusanye, tuufukie mbali. Tukague nyasi kabla ya kuzikata vipande. Sumaku ya spika iliyoharibika, ikifungwa kwenye fimbo, husaidia kuokota chuma uani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni nani kati yetu amepoteza ng'ombe kwa namna hii? Dalili za kwanza zilikuwa zipi?
2. Nyasi zetu hutoka wapi, na kuna chuma gani huko?
3. Nani atapima mapigo kila wiki, na daftari litakaa kwa nani?
4. Je, tuna akiba ya kumlipa daktari siku ile ile ya kwanza?

Kabla ya kuachana leo, twendeni zizini pamoja. Kila mmoja ahesabu mapigo, halafu tulinganishe. Tukirudi, kila mtu aokote angalau msumari mmoja njiani.